Dereva Mmoja

Kwa Kiingereza, kile kikoni cha spika huitwa dereva.
Nilicheka peke yangu sebuleni, Foleshill,
maana nami ni dereva:
basi la ghorofa, zamu ya alfajiri,
Coventry hadi Nuneaton na kurudi.

Ampilifaya yangu ina wati tatu.
Tatu tu. Vali zake huwaka kama makaa ya pasi.
Gurdip wa gereji ya mabasi akasema,
"Hizo hata mbu hazimfukuzi."
Kwa hiyo sikutafuta dereva wa misuli.
Nilitaka mwepesi wa kuitika:
umwite kwa mnong'ono, aseme naam.

Usiku, karatasi za vipimo mezani.
Desibeli themanini na sita kwa wati moja:
huyu bwana mkubwa, hasogei mpaka apigiwe magoti.
Tisini na moja, afadhali.
Tisini na saba.
Hapo nikaweka kikombe chini.
(Kila tatu zikiongezeka
ni kama nguvu imejifungua pacha.)

Wala sitaki yale makasha ya njia tatu,
mmoja wa besi, mmoja wa kati, mmoja wa juu,
sauti ya mtu inashushwa kituoni nusu ya neno
ikapande gari jingine.
Abiria wangu wanajua:
kwenye kubadili gari ndiko miavuli hupotea.
Nataka dereva mmoja, njia nzima.

Kasoro zake nazijua.
Besi ya chini kabisa haifikii;
nami Birmingham sifiki, na hakuna anayenidai.
Ukimkalia mbele hutoboa kama sindano,
basi kaa pembeni kidogo.
Atadai kasha kama kabati la nguo.
Zuleha ameshaupima ukuta kwa macho
na kunyamaza.

Jumamosi, Bedworth, gereji ya Bi Maureen.
Marehemu mumewe alikuwa fundi wa sinema.
Jozi mbili juu ya ubao wa kupigia pasi:
moja mpya, ukingo wa mpira, sumaku nzito kama jiwe la kusagia;
nyingine ya zamani, imefungwa taulo,
koni ya karatasi nyepesi kama ganda la kitunguu,
na katikati kikoni kingine, kama kikombe cha kahawa.
Niliibonyeza kwa vidole viwili, polepole,
sikio karibu, nisikie kama inakwaruza.
Haikukwaruza.

Nilikuwa nimebeba ampilifaya katika kikapu cha Zuleha,
na kanda moja: barua ya dada Siwema,
Morogoro, mwaka ule wa mvua nyingi.

Kwanza ile mpya.
Siwema akasema akiwa chini ya blanketi.
Nikaongeza sauti; wati zangu tatu zikaanza kukohoa.

Kisha ile ya taulo, bila kasha, uchi vile vile.
"Hamjambo huko?"
Akawa ndani ya gereji,
na pumzi aliyoivuta kabla ya "huko",
na kitu nyuma yake, tiki tiki tiki,
ambacho miaka yote nilidhani ni uchafu wa kanda.

Bi Maureen, asiyejua neno hata moja la Kiswahili,
akaacha chai yake.
"Nani huyo anashona?"

Sikumjibu mara moja.
Mama aliona haya mbele ya mashine za kunasa sauti.
Siwema alimwita aje aseme lolote, akakataa,
akabaki chumba cha pili na cherehani yake.
Nilishakubali kwamba sauti yake sina.

Nilitoa pauni hamsini. Bi Maureen akarudisha kumi,
akasema za kununulia gundi.

Jumapili nikakata plaiwudi uani, mvua ikinyunya,
vipimo vimeandikwa nyuma ya ratiba ya basi.
Kila msumeno uliposimama nilisikia kutoka ndani,
Zuleha ameirudisha kanda mwanzo:
mguu unakanyaga, unapumzika,
unakanyaga.